Kabla hujaitupa printa ya zamani, jua inaelewa lugha gani

Kompyuta imepandishwa toleo jipya la mfumo endeshi, imewaka vizuri, na printa iliyochapa jana haionekani tena. Au inaonekana, ila kila waraka unaotumwa unakwama kwenye foleni. Ukiingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, toleo lako la mfumo halimo katika orodha, na chini yake pana pendekezo la kununua modeli mpya. Wakati huohuo rola, tona na ubao wa ndani wa mashine ni vilevile vya jana. Kilichokatika ni draiva, ile programu ya upande wa kompyuta inayogeuza waraka wako kuwa lugha ambayo printa inaielewa. Ukishaijua lugha hiyo, utajua pia kama kazi iliyo mbele yako ni ya dakika tano, ya jioni nzima, au kama mashine kweli imefika mwisho.

Kwanza hakikisha kwamba tatizo ni draiva kweli. Baada ya kupandisha toleo, Windows mara nyingi huipa printa ya USB poti mpya: foleni bado inaelekea USB001 na printa imehamia USB003. Fungua "Printer properties", nenda kwenye kichupo cha "Ports", weka alama kwenye poti za USB moja baada ya nyingine, kila mara ukituma ukurasa wa majaribio. Kwa printa ya mtandao iliyokuwa kwenye poti ya WSD (ile ambayo Windows huitengeneza yenyewe inapoigundua printa mtandaoni), iache poti hiyo, utengeneze "Standard TCP/IP Port" kwa anwani ya IP ya printa. Na kama kuna kazi iliyoganda isiyokubali kufutwa, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

net stop spooler
del /q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*
net start spooler

Hatua hizo tatu zikishindwa, ndipo uilaumu draiva.

Draiva hukatika kwa sababu zinazojulikana. Kubwa ni biti, yaani kama programu imeandikwa kwa mfumo wa biti 32 au wa biti 64. Mwaka 2019 macOS 10.15 iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32, na draiva nyingi za printa zilikuwa na vipande vya biti 32 ndani yake. Windows 11 haina toleo la biti 32, na huduma ya uchapishaji ya biti 64 haiwezi kupakia faili la draiva la biti 32, hata ukilisakinisha kwa nguvu. Kwenye kompyuta za Windows zenye prosesa ya ARM (aina tofauti na ya Intel) hali ni ngumu zaidi: programu za kawaida za Intel huendeshwa kwa kuigizwa, lakini uigizaji huo hauzifikii draiva. Sababu ya pili ni usalama. Udhaifu wa PrintNightmare wa mwaka 2021 uliwawezesha wavamizi kuteka kompyuta kupitia huduma ya uchapishaji, na tangu masahihisho ya Agosti mwaka huo, kwa kawaida ni msimamizi tu anayeweza kusakinisha draiva ya printa.

Halafu kuna mpango wenyewe wa kuziacha draiva. Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba draiva za watengenezaji wa printa zitaondolewa polepole katika huduma ya Windows Update: kuanzia Julai 2026 mfumo utapendelea draiva yake ya ndani inayotumia IPP, itifaki ya pamoja ya uchapishaji wa mtandao, na kuanzia Julai 2027 watengenezaji wataruhusiwa kupitisha humo masahihisho ya usalama tu. Draiva iliyopakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji bado itasakinishika. Jambo la kuangalia katika Windows 11 24H2 ni kitu kiitwacho "Windows protected print mode", kilicho kwenye ukurasa wa "Printers & scanners". Kikiwashwa, draiva zote za nje hung'olewa kwa mkupuo. Printa kadhaa za zamani zikitoweka kwa pamoja, tazama hapo kwanza.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapa ndipo watu hupoteza mashine nzima bila sababu. Printa inayobeba akili yake ndani hupokea maelezo ya ukurasa na kuuchora yenyewe. Lugha za kundi hili ni PostScript, iliyotoka Adobe katika miaka ya 1980, na PCL ya HP, yenye matawi mawili makubwa: PCL 5 na PCL 6, ambayo pia huitwa PCL XL. Brother huita mwigo wake wa PostScript BR-Script, na Kyocera huuita KPDL. Printa za utepe, zile zinazogonga karatasi kwa pini, nyingi huelewa ESC/P ya Epson. Kundi jingine ni printa zilizopunguzwa gharama kwa kuondolewa akili: kompyuta ndiyo huchora ukurasa wote nukta kwa nukta na kuutuma ukiwa tayari. Hizo hujulikana kwa majina kama GDI, CAPT, SPL, ZjStream au UFR II LT. Bila draiva yake hasa, printa ya kundi hili haielewi lolote.

Ili kujua printa yako iko wapi, chapa ukurasa wake wa mipangilio kutoka kwenye mashine yenyewe, bila kompyuta. Isiyo na skrini mara nyingi huutoa ukishikilia kitufe kikuu kwa sekunde kadhaa. Tafuta maneno "PCL", "PS" au "Personality". Ukiwa na kompyuta yenye Linux, chomeka kebo ya USB na uandike sudo lpinfo -l -v. Kwenye mstari wa utambulisho, kinachofuata CMD: ndiyo orodha ya lugha kama printa inavyojitangaza. Ninaamini mstari huo kuliko tangazo lolote la dukani.

Ukikuta PCL 6 au PostScript, kazi imekwisha kuwa nyepesi. Kwenye Windows ongeza printa kwa mkono, chagua poti, na kwenye orodha ya watengenezaji chagua "Microsoft", kisha "Microsoft PCL6 Class Driver" au "Microsoft PS Class Driver". Draiva ya jumla ya HP nayo hufanya kazi kwa modeli nyingi sana. Kwenye Mac, fungua "Printers & Scanners", bofya kuongeza, na kwenye sehemu ya "Use" chagua "Generic PCL Printer" au "Generic PostScript Printer". Kama printa iko kwenye mtandao, tumia kichupo cha IP na itifaki ya "HP Jetdirect – Socket", inayotuma data moja kwa moja kupitia poti 9100. Utapoteza baadhi ya mapambo, kama kipimo cha tona, pengine na trei ya pili hadi uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Kurasa zitatoka.

Makosa ya hatua hii husomeka kwenye karatasi yenyewe. Zikitoka kurasa za maandishi yanayoanza na %!PS-Adobe, umetuma PostScript kwa printa isiyoijua. Ikitoka karatasi moja yenye maneno "PCL XL error", ama printa haikubaliani na jinsi draiva inavyoandika PCL 6, ama kumbukumbu yake imejaa. Jaribu PostScript au PCL 5. Zikitoka kurasa nyingi zenye herufi mbili tatu za ajabu kila moja, zima printa, futa foleni, na usirudie kutuma: lugha siyo. Taa ikimweka kisha kimya kikatanda, huenda ni printa ya kundi lisilo na akili, imeitupa data isiyoielewa. Na ikiwa printa inadai karatasi huku trei imejaa, tazama ukubwa wa karatasi. Draiva za jumla mara nyingi huja zikiwa zimewekwa Letter, nayo trei ina A4. Badilisha sehemu zote mbili, kwenye mipangilio ya draiva na kwenye programu unayochapia.

Kwa printa yenye kumbukumbu ndogo, megabaiti 2 hadi 16, kurasa zenye picha hukatika katikati. Shusha ubora hadi nukta 300 kwa inchi kabla hujafikiria kununua kitu.

Kwa Mac kuna hila moja inayostahili kutajwa. Kifurushi cha draiva za HP kinachotolewa na Apple hukataa kusakinishwa kwenye matoleo mapya kwa sababu ya mstari mmoja tu wa kukagua toleo. Kifungue kwa pkgutil --expand, hariri faili la Distribution uipandishe namba ya toleo la juu linaloruhusiwa, kisha ukifunge tena kwa pkgutil --flatten. Sahihi yake ya kidijitali itapotea, kwa hiyo macOS itakuonya utakapokifungua. Fanya hivyo kwa kifurushi ulichokipakua mwenyewe kutoka Apple, kamwe si kwa kilichokwisha kuhaririwa na mtu usiyemjua. Vipande vya Intel vilivyomo huhitaji Rosetta, kiigizo cha Apple cha kuendesha programu za Intel, kwenye Mac zenye prosesa ya Apple, na Apple imeshatangaza kuwa Rosetta itapatikana kikamilifu hadi macOS 27. Hiyo ni nafuu ya muda.

Kwa printa zisizo na akili, suluhisho ninalolipendelea kuliko yote ni kuweka kompyuta ndogo ya Linux kati yake na kompyuta zako. Draiva ya zamani inakaa huko, na kompyuta zako zinaona printa ya kisasa ya IPP isiyohitaji draiva. Raspberry Pi, kompyuta ya ubao mmoja, inatosha. Iunganishe na printa kwa USB, ipe anwani ya IP isiyobadilika kwenye ruta, kisha:

sudo apt install cups avahi-daemon printer-driver-gutenprint printer-driver-splix printer-driver-brlaser hplip
sudo usermod -aG lpadmin jina_lako
sudo cupsctl --remote-admin --share-printers

Toka kwenye akaunti na uingie tena. Kisha, kutoka kompyuta nyingine, fungua kivinjari kwenye anwani ya kifaa hicho, poti 631 (huo ni ukurasa wa CUPS, programu ya uchapishaji uliyoisakinisha), ongeza printa na uweke alama ya kuishiriki. Gutenprint inahudumia printa nyingi za wino za Epson na Canon, splix inahudumia Samsung za SPL, brlaser inahudumia leza nyingi za Brother, na hplip inahudumia HP. Mac na iPhone zitaiona zenyewe. Kwenye Windows, ikiwa haionekani, ongeza kwa anwani ya namna ya http://192.168.1.50:631/printers/laza, ambapo neno la mwisho ni jina uliloipa foleni.

Kuna mitego miwili. HP LaserJet 1018 na 1020 hazihifadhi programu yao ya ndani. Kila zikiwashwa, kompyuta lazima izipelekee upya. Kwa hplip, endesha hp-plugin -i mara moja ili programu hiyo ipatikane. Ukichapa vizuri usiku na asubuhi printa ikawa bubu, karibu kila mara sababu ni hii: izime, iwashe huku kifaa cha Linux kikiwa tayari kimewaka. Mtego wa pili ni prosesa. Draiva za Linux zinazotolewa na watengenezaji mara nyingi zimejengwa kwa Intel pekee, kwa hiyo hazitakaa kwenye Raspberry Pi. Kwa Canon za CAPT, kama LBP2900, ni rahisi zaidi kutumia kompyuta kuukuu ya Intel yenye Linux.

Upande wa skana ni habari nyingine, na mashine ya kazi nyingi inaweza kuchapa bila shida huku skana imekufa. VueScan, ambayo ni ya kulipia, ina draiva zake yenyewe kwa maelfu ya skana za zamani. Kwenye kifaa cha Linux, AirSane huzigeuza skana zinazotambuliwa na SANE, mfumo wa skana wa Linux, kuwa skana za mtandao zinazoonekana kwenye Mac bila draiva. Kama kilichokufa ni kutuma skani moja kwa moja kwenye folda ya Windows, sababu ya kawaida ni SMB1, itifaki ya zamani ya kushiriki mafaili, ambayo tangu Windows 10 toleo 1709 haiwekwi tena kwa kawaida. Usiirudishe. Ndiyo njia iliyotumiwa na programu hasidi ya WannaCry mwaka 2017 kusambaa. Mashine nyingi za zama hizo zinaweza pia kutuma kwa FTP au kuandika kwenye flashi, na hilo linatosha.

Nitakushauri uachane na printa katika hali chache tu: ya wino ambayo kichwa chake kimeziba na hakizibuki, au ya GDI isiyo na draiva yoyote ya Linux. Umri peke yake si sababu.

Kama bado hujapandisha toleo, una nafasi ambayo wengine wameikosa. Kwenye Windows fungua Command Prompt kama msimamizi, tengeneza folda tupu kwenye diski ya nje, na uandike pnputil /export-driver * D:\draiva. Draiva zote za nje zitanakiliwa humo, pamoja na ile ambayo tovuti ya mtengenezaji inaweza kuiondoa. Kwenye Mac nakili /Library/Printers na /etc/cups/ppd. Chapa ukurasa wa mipangilio ukiwa bado unaweza, na juu yake andika kwa kalamu jina la draiva na poti inayotumika sasa, kama zinavyosomeka kwenye mipangilio ya foleni, kisha ubandike karatasi hiyo chini ya kifuniko cha printa.