Nilianzia mkiani

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kibuye, Kisumu. Madirisha, mageti, majiko ya mkaa, mara mojamoja kitanda. Si mwandishi. Lakini wiki iliyopita kijana fulani alinipigia simu saa tatu usiku, namba yangu kapewa na mtu aliyepewa na mtu, akauliza, "Mzee, kadi ya ulemavu ya mtoto hutolewa wapi?" Nikaanza kumjibu. Dakika arobaini baadaye salio lake likakatika, nami sijafika hata nusu. Basi nayaweka hapa, asome kwa wakati wake.

Binti yangu nitamwita Akinyi, kwa sababu alizaliwa alfajiri. Ilikuwa Agosti 9, 2017, siku moja baada ya uchaguzi mkuu. Wauguzi wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo tangu Juni, kwa hiyo mama yake alijifungulia kliniki ndogo ya mtaani. Siku ya tatu macho ya mtoto yalikuwa ya manjano kama embe. Tukaambiwa tumtoe nje aote jua la asubuhi. Ijumaa ile usiku matokeo yakatangazwa, na kufikia Jumamosi mtaa wa Kondele ulikuwa mawe, matairi yanayowaka na vitoza machozi. Hakuna mtu wa bodaboda aliyekubali kupita. Jumanne tulipofika hospitalini, mtoto hanyonyi na mgongo umejipinda kwa nyuma kama upinde.

Manjano ikizidi kwa mtoto mchanga huingia kwenye ubongo. Hilo nililijua baadaye sana. Jina la hali yenyewe, mtindio wa ubongo, tulipewa akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, shingo bado haijakaza. Mama yangu mzazi alisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko kwetu Wajaluo. Sikubishana naye.

Sasa, kilichonichosha mimi si jina la ugonjwa. Ni milango. Mtu aliniambia serikali huwapa pesa watoto kama huyu, pesa za Inua Jamii, niende kwa chifu. Chifu, mtu mpole tu, akasema sawa, lete kadi ya ulemavu. Nikaenda ofisi inayohusika na kadi. Wakasema sawa, lete ripoti ya uchunguzi kutoka hospitali iliyoidhinishwa. Nikaenda hospitali moja, wakasema jopo la uchunguzi hukaa siku moja kwa wiki na siku yenyewe ilikuwa jana. Halafu cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Cheti hatukuwa nacho. Kile kikaratasi cha kliniki kilipotea tulipohama nyumba Manyatta, na kliniki yenyewe siku hizo ilishageuka duka la vipodozi. Miezi minane iliisha hivyo. Kila mlango nilioufungua ulinionyesha mlango uliokuwa nyuma yangu, na hakuna aliyekuwa akinidanganya. Kila mmoja alikuwa anajua mlango wake peke yake.

Aliyeijua nyumba nzima nilimkuta kwenye benchi.

Ni benchi la mbao, nje ya chumba cha tiba ya viungo, fizio kama tunavyosema, pale Russia. Wageni wa mji huu wakisikia "Russia" hushtuka. Ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960, na jina hilo halijatoka midomoni mwetu. Kwenye benchi lile mimi ndiye niliyekuwa mwanamume pekee. Wengine walikuwa akina mama na nyanya wawili watatu, kila mtu na mtoto mgongoni au pajani, na mfuko wa plastiki wa faili. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Ahero, muuza omena, ana mvulana wa miaka saba. Nilimsimulia safari zangu. Akacheka, si kwa kunidharau, akasema, "Baba Akinyi, wewe umeanzia mkiani."

Akatoa daftari la kurasa 96, lenye jalada la picha ya twiga, na mle ndani alikuwa ameandika kila kitu kwa kalamu nyekundu: siku ya jopo, saa ya kufika, karatasi gani fotokopi ngapi, picha za pasipoti ngapi, nani hukubali barua ya chifu na nani hakubali. Nimeona ofisi nyingi zenye mabango makubwa ya maono na dhamira ukutani. Sijaona hata moja yenye ukurasa mmoja wa daftari lile.

Kichwa cha nyoka, alisema, ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto akipita miezi sita bila kuandikishwa huhesabiwa kuwa amechelewa, lakini kuchelewa si kunyimwa: kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto chenye tarehe za chanjo, kitambulisho cha mzazi, barua ya naibu wa chifu, halafu ofisi ya usajili wa raia. Cheti kikitoka, ndipo jopo la hospitali. Wanamwona mtoto mwenyewe, wanaandika aina ya ulemavu na kiwango chake. Ripoti hiyo ndiyo hupelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina maafisa katika kaunti, na Baraza ndilo hutoa kadi. Siku hizi maombi hupitia mtandaoni, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ukiwa huna simu ya maana mtu wa saibakafe atakujazia. Lakini kuonekana na jopo hakuna mtandao utakaokufanyia. Mtoto lazima abebwe afike.

Nilifuata daftari. Nilipoteza miezi minane kwa kuanzia mkiani. Kwa kuanzia kichwani kadi ilitoka kwa miezi minne, na kati ya hiyo, miwili ilikuwa ya cheti.

Kadi yenyewe haikupi kitu mkononi, na wazazi wengi hukata tamaa hapo. Ni ufunguo tu. Jirani yangu ni mwalimu anayetembelea magongo tangu polio ya utotoni. Alikatwa kodi ya mshahara miaka kumi na zaidi kama mwalimu mwingine yeyote, kwa sababu hakuwahi kuona haja ya kadi. "Mimi si mgonjwa," alikuwa akisema. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa, akiomba cheti cha msamaha kwa mamlaka ya ushuru, hakatwi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Nilipomwambia alininyamazia siku mbili. Sasa anacho cheti, na mimi nina mbuzi niliyopewa.

Inua Jamii nayo. Mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa ulianza 2011, na ni shilingi 2,000 kwa mwezi, hupewa nyumba maskini zenye mtu anayehitaji kuangaliwa mchana na usiku. Mlezi ndiye anayeandikwa kupokea. Kijana, nisikilize hapa: kuandikisha jina kwa chifu si kuingia. Majina huchukuliwa kwa awamu, wakati serikali inapofungua orodha, na watu huja nyumbani kuuliza mna paa la nini na mnakula mara ngapi. Sisi tulikaa nje ya orodha karibu miaka mitatu. Na zikianza kuja, usizipangie kodi ya nyumba, kwa maana huchelewa kisha huja za miezi miwili kwa pamoja. Mama Akinyi hununulia nepi na maziwa, basi.

Tena kuna hili linaloniudhi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wenye ulemavu zaidi ya laki tisa, asilimia 2.2. Maswali yale yaliwahusu wenye umri wa miaka mitano kwenda juu. Akinyi alikuwa na miaka miwili. Karani alikaa kwenye kochi letu, akamwona amelala kwenye mito, akamwandika kama mtoto, akaenda zake. Ulemavu wake haumo kwenye ile laki tisa.

Nije kwenye kiti, kwa kuwa hapo ndipo ninapojua ninachosema.

Kiti cha magurudumu tulikiombea kupitia afisa wa Baraza. Kuna mfuko wa taifa wa watu wenye ulemavu unaotoa vifaa, ada za shule na ruzuku za vikundi. Kilipokuja kilikuwa kizuri, kipya, rangi ya samawati, na kilimtosha mtu wa kilo sabini. Akinyi alikuwa na kumi na moja. Tulipomweka alitelezea upande mmoja kama gunia la nusu, kichwa kikaanguka, akalia. Jirani akasema tushukuru tu. Mimi nikachukua grainda.

Bahati nzuri nilipitia fizio kwanza. Dada mmoja wa tiba ya kazi, wale wanaomsaidia mtu kukaa na kujifanyia shughuli za kila siku, kijana lakini mkali, aliniambia, "Fundi, hukati kitu mpaka upime mtoto." Akamlaza Akinyi kwenye mkeka na kunipa utepe wa fundi cherehani. Upana wa nyonga. Urefu wa paja kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa vidole viwili, ili ukingo wa kiti usichome nyuma ya goti. Goti hadi kisigino. Kalio hadi kwapa. Nyonga, goti na kifundo cha mguu, kila kimoja kikae pembe mraba. "Nyonga ikiteleza," alisema, "kila kitu cha juu kinateleza." Hiyo niliielewa mara moja. Ni kama mlango: bawaba ya chini ikilegea, unaweza kunyoosha juu mpaka kesho.

Kwa hiyo fremu sikuikata hata kidogo. Nilijenga kiti ndani ya kiti. Plaiwudi ya milimita 12, iliyobaki kwa fundi wa makabati wa pale karibu. Sponji ngumu, ile ya godoro la bei, maana ile laini hubonyea mtoto akakalia mbao. Na reksini nyeusi ya viti vya matatu ambayo hufutwa kwa kitambaa mate yakidondoka. Mbavuni vibao viwili vya kumshika pande zote. Katikati ya magoti nikaweka kigogo kidogo nilichokivisha sponji, kwa sababu miguu yake hujivuka kama mkasi. Ukanda unapita juu ya mapaja, si tumboni. Mbele nikachomelea meza ya bomba jembamba inayotoka na kurudi.

Jaribio la kwanza vibao vya mbavuni vilikuwa juu mno, vikamkwaruza kwapani. Kosa langu, nilipima akiwa na sweta. La pili lilikaa. Akinyi aliinua kichwa, akageuza macho taratibu, akatazama barabara. Mama yake alikuwa anaosha vyombo. Akaacha bomba la maji likimwagika. Mtoto alikuwa na miaka mitano, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitazama barabara bila mtu kumshikia kichwa.

Tangu hapo wanaletwa. Huyu wa Nyalenda, yule wa Mamboleo, mmoja alitoka Maseno na kiti juu ya matatu. Nimewatengenezea viti vya kona vya kukalia sakafuni na vyuma vya kusimamia. Hela huwa ni ya mbao na sponji. Nikidai ya kazi naona haya, nisipodai mke wangu ananiuliza. Ndipo tukaunda kikundi, sisi wa lile benchi. Sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Tulikuwa kumi na wanne, mama wa Ahero mwekahazina, daftari la twiga likawa na kazi mpya. Tunachanga mia moja kila Jumamosi. Cheti cha kikundi tulichukua ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, na bila cheti hicho hakuna ruzuku ya kikundi unayoweza kuomba. Tumeomba mara mbili. Ya kwanza ilirudi kwa sababu sahihi moja ilikosekana. Ya pili bado tunasubiri.

Shule nitaieleza kwa kifupi kwa kuwa yetu ilikuwa rahisi. Kila kaunti ina vituo vya Wizara ya Elimu vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vilianza 1984. Hapa Kisumu tuna Joyland kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, shule ya tangu zamani yenye mkono wa Jeshi la Wokovu, na Kibos kwa wasioona. Akinyi alipimwa, wakasema aanze kitengo maalum katika shule ya msingi ya karibu na nyumbani. Tunamfikisha kwa tuktuk, kiti kimefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Mwalimu wake anasema anapenda hesabu. Akinyi hunijulisha jibu kwa macho, juu ni ndiyo, kando ni la. Nami sikuamini mpaka aliponipinga mimi mwenyewe kwenye saba mara nane.

Kijana, ukisoma hapa: anza na cheti cha kuzaliwa. Kisha njoo Alhamisi asubuhi, uketi kwenye benchi hata kama huna miadi.

Mimi Alhamisi hii nitakuwepo. Akinyi amerefuka. Jana usiku nilimpima akiwa amelala: paja limeongezeka sentimita tatu, na kigogo cha magoti kinamgusa mahali pasipofaa. Plaiwudi ninayo. Sponji ngumu imepanda bei.