Nilivyopata mbegu ya mpunga inayojaza gunia na wali wake unalika

Wadau mi nalima mpunga Dakawa, Morogoro, kwenye skimu ya umwagiliaji, ekari mbili na nusu alizoacha mzee, na miaka yote nyumbani tulikua hatujui mbegu nyingine zaidi ya Supa. Supa ni tamu hilo halina ubishi, ukiipika jirani anajua, ila inarefuka mno, ukiizidishia urea kidogo tu upepo ukipita inalala yote kwenye maji, nikijitahidi sana ekari inanipa gunia 12.

Afu mjomba akanitumia mbegu nyingine, IR 64, kutoka Moshi, kwa tamaa nikapanda shamba zima. Gunia 25 kwa ekari, nikajua nimeshatoka. Kumbe bado, mchele haunukii kabisa, wanunuzi pale mashineni wanachota kiganjani wananusa wanarudisha, nikauza kwa bei ya kutupa na ule wa kula bibi akanambia mjukuu wangu huu wali ni wa kujaza tumbo tu. Iliniuma sana maana yeye ndo kanilea.

Msimu uliofuata nikatenga majaruba matatu, Supa, IR 64, na SARO 5 ile wanayoiita TXD 306 iliyotoka kituo cha utafiti cha KATRIN Ifakara. Mbolea sawa, maji sawa, miche nimepandikiza siku moja. SARO ikabaki fupi, machipukizi mengi, haikulala hata shina.

Ila safari hii sikuhesabu gunia kwanza. Tulikoboa kidogo kidogo, mke wangu na mama mmoja mwenye mgahawa stendi wakapika masufuria matatu bila nazi wala iliki, chumvi na mafuta tu maana nazi inaficha mengi, na walaji hatukuwaambia upi ni upi. Tulikua kumi na moja. Wali wa moto Supa ikashika namba moja, SARO ikafuata kwa karibu, harufu yake ndogo ila ipo, na mama wa mgahawa akasema huu umevimba vizuri sufuriani na haushikani, kwake hiyo ni faida. Tukabakiza kiporo cha kunywea chai asubuhi, na hapo ndo penyewe kwa sababu huku kwetu wali hauliwi mara moja ukaisha. IR 64 ilikua imekakamaa, watoto waliiacha. Bibi akamaliza kiporo cha SARO bila kuuliza kitu nikajua hapa nimefika.

Sa hivi ekari mbili ni SARO, msimu uliopita gunia 28 kila ekari na wanunuzi hawasumbui. Mbegu nanunua mpya kila baada ya misimu mitatu maana ikishachanganyika mpunga unaiva kwa kupishana na bei inashuka. Ile nusu ekari iliyobaki ni Supa, hiyo siiuzi, ni ya bibi na ya sikukuu ya Idi.