Keni ya maziwa, mchaichai na makonyo: kumbukumbu ya mradi wangu wa mafuta ya harufu

12 Juni

Mtambo umekamilika leo, na kabla sijaandika lolote kuhusu mafuta inanibidi nieleze kwa nini mwenyekiti wa mtaa alikuwa akinywa chai uani kwangu asubuhi. Keni ya maziwa ya aluminiamu yenye ujazo wa lita 40, paipu ya shaba inayotoka kwenye mfuniko na kujizungusha mara sita ndani ya pipa la maji, na moto wa kuni chini yake: kwa jirani yeyote wa hapa Tanga huo ni mtambo wa gongo, na kupika gongo ni kosa la jinai. Nikaona heri nimwite mwenyewe kabla hajaitwa na wengine. Aliinusa keni, akainusa paipu, akauliza nitapika nini. Nilipomjibu kuwa ni mchaichai alicheka hadi chai ikamwagika. Sasa anajua yeye, na mjumbe wa shina anajua.

Sababu ya mradi ni ya kawaida. Kwa miaka kadhaa nimenunua vichupa vidogo vya mafuta ya mimea, yale ambayo mitandaoni huitwa "mafuta muhimu", jina ambalo silipendi kwa kuwa halielezi muhimu kwa nini wala kwa nani. Mimi nayaita mafuta ya harufu. Kichupa cha mwisho nilikidondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe, na baada ya siku mbili doa la grisi lilikuwa bado lipo, ilhali mafuta halisi ya aina hii karibu yote huruka hewani na kuiacha karatasi kavu. Nilikuwa nimelipia mafuta ya kupikia yaliyotiwa manukato. Ndipo nikaamua kukeneka yangu mwenyewe, yaani kuyatoa kwa mvuke, ya mimea miwili tu ninayoijua tangu utotoni, mchaichai na karafuu, ili nijue kilichomo ndani ya chupa kabla sijakipaka kwenye ngozi ya mtu wa nyumba yangu.

Fundi wa majokofu aliyenikunjia paipu alitaka kuunga viungo kwa lehemu yenye risasi. Nilikataa, tukabishana kidogo, mwishowe akaunga kwa gesi na fimbo ya shaba. Ndani ya keni kuna wavu unaoyashikilia majani juu ya maji, kiasi cha shubiri moja, ili mvuke upite katikati ya majani, ubebe mafuta, kisha upoe ndani ya paipu na kutoka ukiwa maji na mafuta pamoja. Mfuniko nimeuziba kwa unga wa ngano uliokandwa, kama wafanyavyo wapishi wa biriani. Keni hii si presha kuka, kwa hiyo mdomo wa paipu haupaswi kuzibwa hata kidogo, na sitaondoka karibu nayo wakati moto unawaka.

29 Juni

Awamu ya kwanza ya mchaichai iliharibika wiki iliyopita na sina mengi ya kusema juu yake: unga ulipasuka, mvuke ukatokea pembeni, nikapata mililita 3 zenye harufu ya moshi. Leo nimerudia. Nilikata majani jana jioni, nikayaacha yanyauke kivulini usiku kucha, nikayakatakata kwa panga na kuyapima: kilo 8. Moto ulianza saa mbili asubuhi. Tatizo likawa pipa, maana baada ya dakika arobaini maji yake yalikuwa yamepata joto na kilichotoka kwenye paipu kilikuwa bado kinafuka mvuke, maana yake mafuta yalikuwa yakienda na upepo wa kusi kwa majirani. Tangu hapo kijana wa nyumba ya pili alikuwa akibadilisha maji ya kisima kila robo saa, na malipo yake yalikuwa chapati nne.

Mafuta ya mchaichai ni mepesi kuliko maji. Yalijikusanya shingoni mwa chupa ya kioo, rangi ya manjano iliyofifia, utando mwembamba kwanza, kisha upana wa kidole. Nimeyafyonza kwa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, na kuyahesabu: mililita 20. Kilo nane, saa tatu na nusu za moto, mililita 20. Vijiko vinne vya chai.

Mama mkwe alifika wakati naziba chupa. Alisikia harufu tangu barabarani, akaketi, akataka nimtilie kidogo kwenye chai yake.

"Mama, haya hayanyweki."

"Mchaichai nimeunywa tangu nina meno ya utoto, mwanangu. Leo utaniambia una sumu?"

Sikutaka kumjibu kwa maneno ya vitabuni, basi nilichukua mzani wa jikoni. Nilimwomba achume majani anayotia kwenye birika la watu watano, akachuma, tukayapima: gramu 12. Kisha tukapiga hesabu pamoja. Ikiwa kilo 8 zimetoa mililita 20, kila mililita imetokana na gramu 400 za majani. Na kwa kuwa mililita moja ina matone kama 20, kila tone limebeba mafuta ya gramu 20 za majani, zaidi ya birika zima. Tena birika halichukui mafuta yote, kwa sababu hayachanganyiki na maji. Sehemu kubwa huondoka na mvuke au hubaki kwenye majani yanayotupwa. Tone likidondoshwa kwenye kikombe huelea juu lilivyo na kugusa midomo na koo likiwa kali. Alilitazama lile fungu la majani mezani, akakitazama kichupa, akasema kiwekwe juu ya kabati ambako mjukuu hafiki. Kimewekwa huko.

Hesabu hiyo ya gramu 20 kwa tone nimeiandika kwa kalamu nene kwenye ukurasa wa mbele wa daftari.

20 Julai

Mwezi huu ni wa kuchanganya. Mafuta ya kubebea, yaani ya kuzimulia ukali wa mafuta ya harufu, ni ya nazi, yale meupe yasiyopikwa yakaungua, kwa kuwa ndiyo yaliyopo na ngozi zetu zimeyazoea. Mchanganyiko wangu wa kwanza ulikuwa wa mililita 3 za mchaichai katika mililita 100 za nazi, nikidhani kuwa asilimia 3 ni kidogo. Nilijipaka kwenye kiwiko kwa ndani, na siku ya pili pakawa pamevimba upele mwekundu wenye umbo la kidole changu. Kinachoupa mchaichai harufu ya limau ni sitrali, na sitrali hukera ngozi ikizidi. Nimeshusha hadi matone 12 katika mililita 100, yaani asilimia 0.6, na kwa muda wa saa 48 kiwiko cha pili hakikuonyesha dalili yoyote. Huo ndio mchanganyiko ninaoutumia kukanda miguu ya mume wangu anaposhuka kwenye pikipiki, na mabega yangu baada ya kufua.

Watoto nimewatenga kabisa. Wa miaka minne harufu inamfikia kupitia sakafu tu, kwa kuwa maji yanayobaki baada ya kutenganisha mafuta nayatumia kupigia deki na yananukia siku nzima. Mdogo wa miezi mitano hapakwi chochote zaidi ya nazi tupu. Najua kina mama wengi huwapaka wachanga dawa za minti au kafuri kifuani wakati wa mafua, na mimi mwenyewe nilipakwa; lakini mvuke mkali wa minti karibu na pua ya mchanga unaweza kuvuruga pumzi yake, na kafuri ikimezwa huleta degedege. Kujifukiza, ambako mwaka 2020 kulirudi katika kila nyumba nchini, hapa kwetu ni kwa watu wazima na kwa majani, si kwa mafuta. Mafuta katika bakuli la maji ya moto huwasha macho papo hapo. Nilijaribu mara moja, sirudii.

Kuhusu mbu nilifanya jaribio barazani jioni tatu mfululizo, mkono mmoja umepakwa mchanganyiko, mwingine mtupu. Kwa dakika kama arobaini mbu waliukwepa mkono uliopakwa, baada ya hapo hawakuona tofauti. Chandarua hakijaondoka kitandani, na homa katika nyumba hii inaendelea kupelekwa kituo cha afya kupimwa malaria.

7 Septemba

Makonyo yalifika kutoka Amani, kilo 3, makavu, ndani ya mfuko wa sandarusi. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikichambuliwa, na kwa wakulima wengi wa Muheza si kitu cha maana, ingawa kule Wawi, Pemba, kuna kiwanda kinachoyakeneka. Niliyatwanga kinuni yavunjike bila kuwa unga, kwani unga ungeziba njia za mvuke.

Siku ya kuyakeneka nusura nimwage kazi ya siku nzima. Nilikuwa nimezoea mchaichai, hivyo nilikaa nikikodolea macho shingo ya chupa nikisubiri utando wa mafuta, na saa nzima haukuonekana. Kilichokuwapo ni maji yaliyochafuka kama tui jepesi. Nikainua chupa niyamwage nianze upya. Jua lilipopita kwenye kioo nikaona chini kabisa, juu ya kitako cha chupa, vidonge vinavyong'aa vikigongana na kuungana, kama macho ya dagaa. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Nilikuwa nimesoma jambo hilo, nikalisahau. Baada ya saa sita za moto nilipata mililita 60, sawa na asilimia 2. Viwanda hupata asilimia 5 au 6 kwa kukeneka kwa saa nyingi zaidi, lakini kuni zangu zilikwisha na mgongo pia.

Sehemu kubwa ya mafuta haya ni yujenoli, ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kwa ajili ya kuziba jino kwa muda. Sifa hiyo ilimfikia mume wangu upesi kuliko maelezo yake. Usiku ule ule jino lilimuuma, akachovya pamba kwenye chupa isiyochanganywa na kuibana kwenye fizi akalala nayo. Asubuhi fizi ilikuwa nyeupe, imechubuka, na hakuweza kunywa hata uji. Jino lenyewe lilinyamaza siku moja, kisha likaanza tena, kwa sababu tundu lilikuwa pale pale. Wiki iliyofuata liling'olewa. Sikumlaumu sana, chupa haikuwa na lebo, na kosa hilo ni langu.

Leo zote zina lebo: jina la mmea, tarehe, "HAINYWEKI", na idadi ya matone kwa mililita 100. Kwa karafuu ni matone 10, yaani asilimia 0.5, kwa magoti ya watu wazima tu. Chupa kamili imefungiwa kabatini kwa ufunguo, kwa kuwa kiasi kidogo tu cha mafuta ya karafuu kikimezwa na mtoto mdogo kinaweza kuliharibu ini lake. Paka naye amefukuzwa chumba cha kazi. Mwili wa paka hauwezi kuiondoa yujenoli kama wetu.

19 Oktoba

Sabuni. Gramu 500 za mafuta ya nazi, gramu 73 za kostiki soda, gramu 180 za maji. Hesabu hiyo huacha sehemu ya tano ya mafuta bila kugeuka sabuni, maana sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi vibaya. Kostiki hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, na sufuria isiwe ya aluminiamu kwa kuwa hutafunwa na kutoa gesi inayowaka. Glavu, miwani, watoto kwa bibi yao.

Mchanganyiko wa mchaichai ulitulia vizuri, ukamiminika kwenye sanduku la mbao kama uji mzito. Wa karafuu nilitia mililita 10 za mafuta, nikakoroga, na kabla sijahesabu hadi thelathini mwiko ulikuwa umesimama wenyewe katikati ya sufuria. Yujenoli huharakisha sabuni kuganda, hilo nimelijua leo. Niliichimbua kwa kijiko na kuishindilia kwenye vikombe. Ina mapengo na makunyanzi, inafanana na mawe ya pwani. Zote zimewekwa rafuni zikae wiki sita.

7 Desemba

Vipande vya kwanza vimeanza kutumika. Povu linatoka hata kwa maji ya kisima chetu chenye chumvi, jambo ambalo sabuni ya dukani hailiwezi. Harufu ya mchaichai imepungua mno, huenda nusu imeruka rafuni. Ile ya karafuu bado inajaza bafu, na ile mbaya ya umbo ndiyo inayogombewa. Mama mkwe amechukua vipande vitatu akaacha vile vyeupe vilivyonyooka.

Kichupa kimoja cha mchaichai nilichokisahau karibu na jiko kimebadilika rangi kuwa kahawia na kina harufu kama rangi ya mafuta ya ukutani. Mafuta yakikutana na joto, mwanga na hewa huharibika, na yaliyoharibika huwasha ngozi zaidi, hivyo kitatumika kusafishia gundi ya stika kwenye mitungi, kisha basi. Vingine vya kioo cheusi vilivyokuwa kabatini viko sawa.

Mchaichai wa uani umechipua hadi magotini. Nitaukata tena baada ya wiki tatu, fundi akishanitengenezea pipa la pili la kupoozea, maana kijana wa nyumba ya pili sasa anadai chapati sita.