Kiwenzo Kiko Saa Moja

Mwaka juzi, katika gulio la Jumapili huku Pennsylvania ninakoishi, nilinunua saa ya mfukoni ya Hamilton kwa dola mia mbili na ushei. Muuzaji alinihakikishia mambo matatu: kwamba kasha lake ni dhahabu tupu, kwamba ilitengenezwa kabla ya mwaka 1900, na kwamba imesimama kwa sababu mwenyewe aliitia ufunguo kupita kiasi. Hakuna hata moja lililokuwa kweli, na kwa kuwa sasa saa inakwenda, naweza kuyasimulia bila kuona haya sana.

La dhahabu lingenishtua pale pale kama ningetumia akili. Ndani ya kifuniko cha nyuma pamechorwa dhamana ya miaka 20, na dhahabu tupu haina haja ya kudhaminiwa kwa miaka. Makasha ya namna hiyo yaliundwa kwa madini ya bei nafuu yakavikwa dhahabu juu na chini, na dhamana ilieleza muda ambao vazi hilo lingedumu kabla ya kulika.

Kuhusu umri, muuzaji alisoma namba ya kwenye kasha, kosa ambalo nimelisikia baadaye hata kwa watu wanaojiita wajuzi. Zamani viwanda vya Marekani, iwe Waltham, Elgin au Hamilton, kwa kawaida viliuza mashine peke yake, na mnunuzi akachagua kasha dukani kwa sonara kulingana na mfuko wake. Namba ya kasha na namba ya mashine hazina udugu wowote. Yenye maana ni ile iliyochorwa kwenye mashine. Kifuniko changu kilikuwa cha kufungua kwa kuzungusha na kilikuwa kimeganda, nikahangaika nacho siku mbili, mpaka nilipovaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, nikakikandamiza kwa kiganja chote badala ya kukibana kwa vidole, nikazungusha, kikalegea kama kifuniko cha chupa ya asali. Ndani niliona mashine aina ya 992, vito 21 (vijiwe vigumu ambamo ncha za magurudumu huzungukia), na namba inayoanzia milioni mbili, ambayo jedwali la namba za Hamilton linaipeleka katikati ya miaka ya 1920. Kampuni yenyewe ilianzishwa Lancaster, mwendo mfupi kwa gari kutoka kwangu, mwaka 1892. Nilihisi kama nimemrudisha mtoto kijijini kwao.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Nilitaka kurekebisha majira, nikavuta kichwa cha kutilia ufunguo kama tunavyofanya kwenye saa za mkono. Hakikusogea. Niliongeza nguvu, kisha, Mungu anisamehe, nikachukua koleo, na nashukuru kwamba kichwa kilikuwa na msimamo kuliko mimi. Ndipo nilipompigia ndugu yangu mmoja wa Tanga aliyenitangulia katika ukusanyaji wa saa hizi. Alinicheka kwanza, kisha akaeleza kwamba hiyo ni saa ya reli. Mwezi Aprili 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na inasimuliwa kwamba saa ya dereva mmoja ilikuwa imesimama dakika nne bila yeye kujua. Baada ya ajali hiyo, sonara wa Cleveland aitwaye Webb C. Ball alipewa kazi ya kusimamia saa za reli, na masharti yaliyokuja kuenea yalikuwa makali: saa isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, iwe na vito visivyopungua 17, na majira yasiweze kubadilika kwa bahati mbaya kichwa kinapovutwa mfukoni. Kwa hiyo unafungua kioo na kuchomoa kiwenzo kidogo kilichofichwa ukingoni mwa uso wa saa.

“Kiko wapi?” nikamuuliza.

“Kati ya saa moja na saa mbili.”

Mimi nimelelewa kwa saa za Kiswahili. Saa moja ni jua likiwa limechomoza na mshale mfupi uko kwenye namba 7, basi nikafungua kioo, nikachukua ncha ya kisu, nikaanza kuchokonoa kati ya 7 na 8. Nilichokonoa kwa subira, nikabadilisha taa, nikavaa miwani ya mke wangu, mpaka nikasikia mlio mdogo mkavu na kibanzi cha enameli ya uso wa saa kikaruka mezani.

“Kaka, hapa hakuna kitu.”

“Unaangalia namba gani?”

“Saba.”

Alinyamaza, kisha akasema taratibu, “Bwana wee, namba moja. Nilikuwa natafsiri Kiingereza.” Kiwenzo kilikuwa kati ya 1 na 2, kikatoka kwa ukucha tu. Habari ya kibanzi sikumwambia.

Lililobaki lilikuwa la fundi, mzee mtaratibu aliyekataa kabisa hadithi ya kutiwa ufunguo kupita kiasi. Alinionyesha kwa lenzi mafuta yaliyoganda kama gundi kwenye matundu ya vito. Springi ilikuwa imejaa, lakini magurudumu hayakuwa na njia. Alifungua yote, akasafisha, akaweka springi mpya, na malipo yake yalikaribia bei ya saa. Kama ningejua, ningemuuliza muuzaji saa ilisafishwa lini badala ya kumsikiliza habari za dhahabu. Siku hizi naitia ufunguo kila asubuhi kabla ya chai, na kwa wiki inazidi sekunde ishirini hivi, kwa hiyo hata msimamizi wa reli angeniruhusu kupanda treni.

Ndugu yangu alipokuja kututembelea Desemba, aliigeuza mkononi, akaitega sikioni, halafu akasogeza uso wake karibu na kioo na kuuliza hapa pembeni imepatwa na nini. Nilimwambia imepatwa na saa moja.