Mifupa au Makombe ya Chaza

Shangazi yangu wa Mikindani alikuwa amefuga kuku wa mayai kwa miezi kadhaa wakati mayai yalipoanza kutoka na ganda laini, mengine yakipasuka mkononi mwa mnunuzi kabla hajayalipia. Mzee mmoja wa jirani, mfugaji wa siku nyingi, alimshauri aongeze mifupa iliyochomwa na kusagwa. Shangazi aliongeza, hakuona nafuu, akaongeza tena, na hatimaye akamwita bwana mifugo.

Kijana yule alimwamkia, akauliza kuku wanalishwa nini, kisha akaomba karatasi na kuigawa safu mbili: kalsiamu, madini yanayojenga ganda, upande mmoja, na fosforasi, madini mengine ya mifupa, upande wa pili. Katika pumba za mahindi, ambazo ndizo zilizojaza debe, fosforasi iliizidi kalsiamu mara nyingi.

"Basi mwanangu, fosforasi si imeshatosha?" shangazi aliuliza, na nililiona swali hilo kuwa la busara.

Alijibu kwamba kwenye karatasi inatosha, lakini takriban theluthi mbili ya fosforasi ya nafaka imefungwa ndani ya fitati, kemikali ya asili ya mbegu, ambayo tumbo la kuku haliwezi kuivunja vizuri, na ndiyo maana dagaa na mifupa kidogo havina ubaya. Ubaya uko kwenye kuitegemea mifupa kwa kazi ya ganda. Kuku anayetaga huhitaji kalsiamu kiasi cha asilimia 3.5 hadi 4 ya chakula chake, na fosforasi anayoweza kuitumia isiyozidi sana asilimia 0.4, yaani fosforasi moja kwa kalsiamu tisa au kumi. Mifupa ina kalsiamu karibu robo ya uzito wake, lakini huja na fosforasi kama nusu ya kalsiamu hiyo. Kwa hiyo kila kijiko kilichoongezwa kilipandisha safu zote mbili kwa pamoja. Fosforasi ikizidi kwenye damu, humzuia kuku kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe usiku, wakati sehemu kubwa ya ganda inapojengwa na tumboni hamna chakula.

Makombe ya chaza, yaliyolala bure ufukweni hatua chache kutoka bandani, yana kalsiamu karibu asilimia 38 na fosforasi ambayo haifai hata kuhesabiwa. Kwa kilo 100 za chakula, makombe chini ya kilo 10 yangetosha, ilhali mifupa ingehitajika kilo 14 au zaidi. Mzee wa jirani, aliyekuwa amesimama uani akisikiliza, alisema kwamba mifupa yake haijawahi kumwangusha; nadhani alisema kweli, kwa sababu kuku wake walizurura ufukweni kutwa nzima na kujiokotea makombe wenyewe.

Bwana mifugo alisisitiza kwamba makombe yatwangwe vipande vya ukubwa wa mchele, yasiwe unga, ili yakae kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, na kwamba yawekwe jioni katika chombo cha peke yake. Shangazi alitaka kuwapa na vifaranga. Alikatazwa: kifaranga hutosheka na kalsiamu ya asilimia 1 tu, na kinachomjengea mtetea ganda kinaweza kuharibu figo za mtoto wake. Jioni hiyohiyo vifaranga walihamishiwa nyuma ya jiko, pamoja na sehemu ya pumba isiyochanganywa na makombe.