Nilipoacha kumkatiza
Mwanangu wa miaka 4 alikuwa hatulii na kitu hata dakika 3. Anashika hiki, anaacha, anarukia kile. Nikazima televisheni iliyokuwa ikiwaka kutwa bila mtazamaji, midoli mingi nikaiweka kabatini, nikamwachia vibao vya mbao tu. Usingizi pia: Shirika la Afya Duniani linashauri saa 10 hadi 13 kwa umri wake, naye alikuwa hafikishi 9.

Lakini kilichonishinda zaidi ni kunyamaza. Akizama tu kwenye mchezo, mimi huyo: “Hiyo rangi gani? Njoo unywe maji!”

Jana alijenga mnara, ukaanguka, akaujenga tena, ncha ya ulimi imetokeza pembeni ya mdomo. Dakika 20 jamani! Nilisimama mlangoni kimya, machozi yananilengalenga.