Virusi havionekani, utumbo bado unaugua
Leo CTC, kliniki yetu ya VVU, nimepewa majibu: virusi havionekani tena kwenye damu. Namshukuru Mungu, na namshukuru dada nesi aliyenichorea utumbo nyuma ya karatasi ya vipimo. VVU hushambulia sana chembe za kinga za CD4 zilizo kwenye utumbo, tangu wiki za mwanzo kabisa. Ukuta ukishachakaa, vipande vya bakteria hupenya mpaka kwenye damu, na kinga ya mwili haitulii hata kama ARV unameza bila kukosa. Hiyo inflamesheni ya chinichini, yaani kinga kuchochewa muda wote, ndiyo inayoumiza moyo na mishipa.

Nikamuuliza kuhusu vidonge vya bakteria rafiki, maana mtaani vinauzwa bei ya kuumiza. Jamani, msikamuliwe! Marekani walijaribu aina moja kwa wiki 24, kiashiria cha inflamesheni hakikushuka. Madrid walitumia kapsuli zenye bakteria kutoka kinyesi cha watu wenye afya. Kiashiria cha kuumia utumbo kilipungua, lakini washiriki walikuwa 30 tu.

Mtindi wangu wa asubuhi nakunywa kwa sababu naupenda. Dozi ya saa tatu usiku, hiyo sijadiliani na mtu.